Shairi la Kumwombea Verdiane Barua

Jumamosi ya pili ya mwezi wa Juni, saa nne asubuhi, Aloys Bisimwa aliingia gereji ya nyumba yake Ingleburn, pembezoni mwa Sydney, kutoa nguo kwenye mashine ya kufulia, akamkuta mtu amekalia kikapu cha nguo. Mtu huyo alivaa joho la sufu lililolowa chapachapa, na maji yake yalikuwa yameshafika kwenye matairi ya gari. Aloys alimwomba asimame kidogo. Akachukua kikapu, akapanga nguo za kazi chini na mashati ya kanisani juu, kisha ndipo akamuuliza jina. Mgeni alisema anaitwa Cadwgan mwana wa Ithel, mshairi, na kwamba alifariki kaskazini mwa Wales miaka mia tano na hamsini iliyopita, wakati wa baridi, akiwa njiani kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

"Karibu," Aloys alisema. "Sombe unakula?"

Alikula sahani mbili za majani hayo ya muhogo, akaomba ya tatu kwa shairi fupi. Siku ya kwanza alisema lugha yake tu, wakaelewana kwa jinsi mafundi wanavyoelewana. Kufikia Jumanne alikuwa anasema Kiswahili cha Bukavu alichokiokota jikoni. Kiingereza alikijua kiasi, lakini alikataa kukitumia na hakueleza sababu. Candide, binti wa nyumba, ambaye huelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, ilibidi amwombe chumvi kwa Kiswahili mezani, jambo ambalo lilikuwa limewashinda wazazi wake kwa miaka tisa.

Aloys alifurahi mno kumpata. Kwa shifti za mchana na za usiku aliendesha foklifti ghalani, lakini moyoni alijihesabu kuwa mshairi mkubwa wa Kiswahili kuliko wote kusini mwa dunia. Hakuna aliyembishia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuulizwa. Kila Jumamosi, katika kumbi za Bankstown, alisimama kwenye harusi na matanga ya Wakongo akafanya kazi tunayoijua sote: kumtaja mwenye uwezo kwa jina, na baba yake, na gari lake, na ukarimu wake, hadi mwenyewe ainuke kitini akicheka. Cadwgan alimweleza kwamba hata kwao ilikuwa hivyohivyo. Krismasi, Pasaka na Pentekoste mshairi alizunguka nyumba za mabwana, akamsifu bwana, na babu wa bwana, na paa la bwana, na pombe ya bwana. Akapewa nyama, na kitanda karibu na moto. Kati ya sikukuu moja na nyingine alitembea kwenye mvua.

"Mashairi yenu yana sheria?" Aloys aliuliza, kwa sauti ya mtu ambaye ya kwake yanazo.

Cadwgan alisema mstari wake una silabi saba, na konsonanti za nusu ya kwanza lazima zirudi katika nusu ya pili kwa mpangilio uleule, na zikikosea hata moja, mtu anaamkia zizini. Aloys, ambaye miaka yote alijivunia vina vyake viwili na mizani yake kumi na sita, alienda kujipangia soksi.

Kilichomsumbua mama mwenye nyumba, Déborah, ni kitu kimoja tu. Kila Cadwgan alipolinganisha kitu na kingine ndani ya shairi, kile kingine kilikuja. Aliusifu ugali kwa kuuita mwezi mpevu, na mwezi mdogo ukatokea chini ya dari ya jiko, ukabaki hapo, Déborah akazoea kupikia mwanga wake. Ugali wenyewe haukuongezeka. Aliyaita meno ya Déborah maua ya mtofaa, na maua yakaanguka sakafuni yakafika kwenye kifundo cha mguu.

"Papa Candide," Déborah alimwambia mumewe, "mwambie uyu mugeni wako asinisifu tena. Niko nafagia tangu asubuhi."

Aloys aliyaona yote hayo kwa macho yake mawili, na hakujifunza chochote, kwa sababu alikuwa anahesabu silabi.

Mezani hapo alikaa pia Verdiane, mdogo wake Déborah, mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa shingoni. Mwezi wa nne paleti ya mifuko ya chakula cha mbwa ilimwangukia ghalani ikamvunja bega. Paleti ilikuwa imepangwa juu kupita kiasi kwa amri ya Déo, mwenye kampuni inayopeleka watu kazini katika ghala lile, maana lori lilikuwa linangoja. Aloys alikuwa kwenye foklifti, mita mbili kutoka pale. Aliiona paleti ikiinama, akaiona ikianguka, na ni yeye aliyemtoa Verdiane chini ya mifuko. Jioni ile alitunga beti nane juu ya tukio hilo akazituma kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Beti zilisema mlima umeinama na ua limelala. Watu sitini waliweka alama ya moyo. Déo naye aliweka.

Kisha kampuni ya Déo iliwaandikia watu wa bima kwamba Verdiane aliumia nyumbani akioga. Bima ikataka uthibitisho, la sivyo hapati matibabu ya bega wala mshahara wa siku alizokaa. Cherotich, nesi Mkenya wa nyumba ya tatu, aliisoma fomu akiwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Hii form iko simple sana," alisema. "Either boss aandike barua akubali uliumia kazini, ama mtu mwenye aliona aandike hapa chini. Line mbili tu na signature. Deadline ni Monday, tarehe thelathini, five o'clock. Msilale."

Alipoondoka, Verdiane aliisukuma fomu juu ya meza hadi mbele ya Aloys, akaweka kalamu juu yake.

"Shemeji," alisema, "weye ulikuwa pale."

Aloys aliitazama kalamu. Ukweli ni kwamba aliogopa. Ratiba ya shifti ilikuwa mikononi mwa Déo, na waliowahi kumkera Déo walijikuta wamepangiwa saa nne za Jumapili usiku, kisha hawakupangiwa kabisa. Mtu mwingine angesema, "Naogopa, shemeji," na dada wa watu angetafuta njia nyingine mapema. Lakini sisi watu wa kutunga tuna neno la kufunikia kila kitu.

"Mambo kama haya yanaombwa kwa adabu," alisema. "Ukimuendea mutu mukubwa na formulaire, unamufunga moyo. Ukimuendea na shairi, anafunguka yeye mwenyewe. Na sasa tuko na mwenye kazi yake hapa nyumbani."

"Mi siombi shairi. Niko naomba signature."

"Ni kitu kimoja," Aloys alisema, na wakati anasema aliamini.

Ilitokea kwamba Cadwgan alikuwa bingwa wa aina hiyo hasa. Kwao palikuwa na shairi maalumu la kuomba: mshairi humwendea bwana kwa niaba ya mtu mwingine. Mistari ishirini ya kwanza humsifu bwana na ukoo wake. Inayofuata humtaja mwombaji, kisha kile kinachoombwa huelezwa kwa mifano mingi kadiri pumzi inavyoruhusu, ili bwana akione mbele yake na aone aibu kukinyima. Maishani mwake Cadwgan aliomba farasi, mizinga ya nyuki, jiwe la kusagia na tausi wawili, na hakuwahi kurudi mikono mitupu. Aloys alipiga paja kwa furaha. Verdiane aliikunja fomu akaitia mkobani.

Kazi iliwachukua karibu wiki mbili. Cadwgan alitaka mababu tisa wa Déo, kwa majina. Aloys alimpigia simu shangazi wa Déo kule Uvira, akapata wanne, na mmoja wao shangazi hakuwa na hakika naye. Watano waliobaki Cadwgan aliwatoa kwao, kwa kuwa alikuwa na ziada. Hivyo Déo akawa mjukuu wa kitukuu wa bwana mmoja aliyeshikilia ngome milimani na kunywesha mvinyo majeshi mawili. Aloys alitafsiri kila mstari kwa Kiswahili, akapigana na konsonanti hadi saa za kazi, akakosa kulala vizuri, na siku mbili akagonga rafu za ghala kwa foklifti. Alijiona mtu anayeteseka kwa ajili ya shemeji yake. Fomu ilikuwa mkobani, hatua sita kutoka alipokaa.

Jumapili ya mwisho ya Juni, Déo aliwaalika watu nyumbani kwake Guildford kusherehekea uhuru wa Congo siku moja kabla, kwa kuwa Jumatatu ni kazi. Déo alikuwa rais wa jumuiya, na watu wote walimwita Président, hata mkewe. Walikuja watu themanini na kitu. Palikuwa na samaki wa sambaza na wa makayabu, ndizi na mbuzi, na vijana walipiga muziki kwenye spika mbili nyuma ya nyumba. Verdiane alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba magotini.

Aloys alishika maikrofoni. Cadwgan alisimama pembeni yake na joho lake, ambalo lilikuwa bado halijakauka. Mmoja alitamka kwa lugha yake, mwingine akafuata kwa Kiswahili, na tangu mstari wa nne watu walinyamaza, hata waliokuwa wanachoma nyama. Lazima isemwe kwamba lilikuwa shairi zuri. Anayesimulia hapa ameshasikia mashairi mengi ya kujikomba, na mengine ameyatunga mwenyewe, lakini hajasikia la kufikia lile. Walipofika kwenye ukoo, picha tano ziliongezeka kwenye ukuta wa sebule, za wanaume wenye ndevu nyekundu na kofia za chuma. Mke wa Déo alinyoosha moja iliyokaa upande. Déo alizitazama kupitia dirishani, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekumbuka.

Kisha wakamtaja Verdiane, mistari miwili. Kisha wakafika kwenye barua yenyewe, ambapo Aloys alikuwa amejitahidi kupita uwezo wake:

*Barua, bawa la bata,*
*theluji kwenye ukuta,*
*shuka nyeupe ya misa,*
*kondoo asiye kisa.*

Palikuwa na mistari mingine ishirini na miwili ya namna hiyo. Bata bukini mweupe aliingia kupitia lango la pembeni kabla ubeti haujaisha, akafuatwa na kondoo. Theluji ilianguka juu ya ukuta wa nyuma tu, urefu wote, ikakaa hapo bila kuyeyuka ingawa jua lilikuwa linawaka na watu walikuwa wamevua makoti. Shuka ya altare ilitua juu ya meza ya vinywaji, nayo ilikuwa imepigwa pasi. Vilikuja pia ndoo ya maziwa, ganda la lulu, na msichana mwenye mshumaa aliyesalimia watu wote kwa adabu, akaomba Fanta, akakaa.

Watu walipiga vigelegele. Déo alisimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalikuwa ya kweli.

"Mi niko mutu ya moyo mukubwa, munajua," alisema. "Uyu dada ameomba ku mlango yangu, siku ya indépendance. Ninatoa! Bata achukue! Kondoo achukue! Nappe ya altare, maziwa, vyote ni vyake! Nani tena ameisha kumupa mutu theluji mu hii Sydney?"

Hakuna aliyewahi. Makofi yakapigwa upya. Bata aliwekwa miguuni pa Verdiane, na kamba ya kondoo ikawekwa kwenye mkono wake wa kushoto, ule mzima.

"Merci, Président," Verdiane alisema. "Na barua?"

Déo alimtazama kwa mshangao wa mtu mwema. "Barua gani tena? Si ameiomba, na mi nimetoa?"

Alitazama huku na huku, na watu wakakubaliana naye, maana wote walikuwa wameona. Verdiane alimpa mtu kamba ya kondoo, akafungua mkoba, akaitoa fomu na kalamu, akavuka uwanja hadi alipokuwa Aloys, akaviweka juu ya spika mbele yake.

"Kesho saa kumi na moja wanafunga," alisema. "Pale chini, shemeji. Andika vile uliona."

Aloys alikuwa na kalamu mkononi kabisa. Ndipo Déo alipofika, akamkumbatia kwa mkono mmoja, akachukua maikrofoni kwa mwingine, akatangaza kwamba tangu siku ile Aloys Bisimwa ni mshairi rasmi wa jumuiya, na kwamba mtu wa kiwango kile hafai kuhangaika na shifti za usiku, atapangiwa asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, permanent. Watu walishangilia jina la Aloys. Hakuwahi kushangiliwa na watu themanini kwa mpigo, na lilikuwa jambo tamu, tamu hata kuliko alivyokuwa ameliwaza alipokuwa peke yake garini.

"Siku ya furaha hii, Verdiane," alimnong'oneza, akamrudishia kalamu. "Tutaongea nyumbani."

Nyumbani hawakuongea. Kondoo alisafiri kiti cha nyuma katikati ya Candide na Déborah, na bata akasafiri kwenye mapaja ya Verdiane, ambaye alitazama dirishani njia nzima. Theluji ilibaki Guildford kwa kuwa haikubebeka, na hata leo ipo, majirani huweka vinywaji vyao juu yake.

Jumatatu Aloys aliingia shifti yake mpya ya asubuhi, akatoka saa tisa, akafika nyumbani saa tisa na nusu. Fomu ilikuwa mezani. Alizunguka meza. Alimlisha kondoo. Alioga. Saa kumi na moja na dakika tano aliingia gereji, akamkuta Cadwgan ananoa kisu chake cha kuchongea kalamu.

"Wewe uliwahi kumwombea mtu kitu kama hiki?" Aloys alimuuliza. "Kitu cha haki yake?"

Cadwgan alifikiri. Alisema mwaka mmoja, nyumba ya bwana fulani bondeni, mjane mmoja alimwomba amtungie shairi la kudai kinu chake cha kusagia ngano, ambacho bwana huyo alikuwa amekichukua. Alitunga mistari sitini na minne. Kinu alikiita tausi anayefungua mkia majini, na ulikuwa mfano bora kuliko yote aliyowahi kupata.

"Akarudishiwa kinu?"

"Akapewa tausi."

"Na yule mjane akafanya nini?"

"Sikuuliza," Cadwgan alisema. "Kulikuwa na baridi, na mimi nilikuwa nimepewa kitanda karibu na moto."

Alipuliza unga wa chuma kwenye kisu, akaendelea kunoa. Aloys alingoja labda ataongeza neno la majuto, kwa sababu yeye mwenyewe alilihitaji. Hakuongeza.

Barua ya bima ilikuja kabla ya wiki kuisha. Ilikuwa na mistari minne na haikulinganisha kitu na kitu. Ilisema ushahidi haukupokelewa na faili limefungwa. Cherotich aliisoma mlangoni, akamtazama Aloys kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema, "Haya basi," akaenda kazini. Mtu wa manispaa alikuja kuhusu kondoo, akaandika umri na rangi yake, akawaambia wamwekee maji. Cadwgan alihamia Bankstown kwa familia iliyomwahidi nyama kila siku, na huko, wanasema, amemsifu mwenye nyumba hadi kuna kulungu katika maegesho. Aloys anaalikwa kila mahali. Amejinunulia koti.

Verdiane alirudi ghalani Jumatatu iliyofuata, maana hakuna aliyekuwa akimlipa kukaa. Walimpa meza ya kubandika lebo kwa siku tano, kisha wakamrudisha kwenye mifuko. Aliinyanyua kwa mkono wa kushoto, akaisukuma kwa nyonga. Aloys, ambaye sasa alikuwa shifti moja naye, alijifunza kupeleka foklifti mwisho kabisa wa ghala, upande wa milango.

Wakati wa chai ya saa nne, siku ya nane, Verdiane alimfuata huko. Aliketi kwenye paleti tupu, akafungua chupa ya chai kwa meno.

"Shemeji," alisema, "nikuulize kitu kimoja. Usinijibu na maneno mingi."

"Uliza."

"Ile siku. Uliona?"

Mfano mmoja ulimjia Aloys, mzuri, kisha wa pili.

"Niliona," alisema.

"Ilikuwa imepangwa juu sana?"

"Ilikuwa juu sana. Yeye ndiye alisema tupange vile."

Verdiane alitikisa kichwa. Alikunywa chai yake yote bila haraka, akafunga chupa, akashika bega lake kidogo, akasimama. Kengele ilikuwa haijalia, lakini lori la saa nne na nusu lilikuwa limeshaingia kinyumenyume, na mtu alikuwa anaita majina.

"Sawa," alisema, akarudi kwenye mifuko.